Mikro ya Upako

Jina lake nalijua na silitaji. Kutoka Rumonge mjini mpaka Gitaza watu walimwita mzee wa sono, na sono, yaani vyombo vya sauti, ndiyo iliyomfanya mtu: ampli moja, mabafle manne ya spika, makubwa kama makabati, mikro mbili, na waya chungu nzima ambazo alizikunja baada ya kila sherehe kwa upole, kama mama anayekunja nguo za mtoto mchanga. Ningependa kumchukia mtu mwenye sura mbaya. Sikujaliwa. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye mwanya na sauti ya chini inayotuliza, na akicheka hata mbuzi waliofungwa nje ya kanisa waligeuza shingo.

Wenzake wa kazi hiyo, wakijaribu mikro, huhesabu kwa Kifaransa. Yeye alitaja samaki. Alisogeza mdomo, akafumba macho, akasema polepole: "Ndagala. Mukeke. Sangala." Watoto waliokuwa wamejazana madirishani wakajibu kwa pamoja: "Na bugali!" Hapo akafumbua macho, akaridhika, na harusi ikaanza. Nimehudhuria harusi ambazo bibi arusi nimemsahau uso, lakini wale samaki watatu bado nawasikia wakipita juu ya vichwa vyetu, mmoja mmoja, hadi ziwani.

Alikuwa na maneno yake. "Sauti ni mgeni," alisema, "ukiifungia mlango itakwenda kulala kwa jirani." Mtu akimwomba aongeze sauti, aliipunguza kidogo, akasubiri, kisha akairudisha pale pale ilipokuwa. Yule mtu alimshukuru. "Umeona?" alininong'oneza. "Watu hawataki kelele. Wanataka kuheshimiwa." Nilidhani ni hekima. Leo najua alikuwa ananionyesha kazi yake halisi, na mimi nikitabasamu.

Maskini akifiwa, mzee wa sono alifika bila kuitwa. Alishusha bafle moja tu, akaliweka mbali na maiti, akacheza nyimbo za taratibu hadi kaburi lijae, kisha akapakia na kuondoka kabla ya kupewa hata maji. Mama yangu alipozikwa alifanya hivyo. Alisimama mvua inanyesha, koti lake la rangi ya kahawa limelowa, amelifunika bafle kwa mwavuli wake mwenyewe. Nalisema hili mapema ili mtu asije kunikumbusha baadaye. Nalikumbuka, na halinizuii.

Sisi ni watu wa kanisa la Gatete, wengi wetu tuliorudi kutoka kambi za Tanzania. Ndugu zetu wengine hawakurudi. Walipelekwa Amerika, na kutoka huko walianza kututumia mapipa: makoti ya baridi, maharagwe ya kopo, vinanda, ampli. Kila familia ilitaka chombo chake kiimbe kanisani. Lakini umeme wa kwao ni volti mia na kumi au ishirini, na wetu ni mia mbili na ishirini, na hilo halikuandikwa kwenye pipa. Watu walinunua kile kipande kidogo cha plastiki kinachobadilisha umbo la plagi ili iingie ukutani, wakaamini kwamba kilichobadilisha umbo kimebadilisha na umeme. Vinanda vya gharama vilitoa moshi kabla ubeti wa kwanza haujaisha. Waumini walikohoa, wakasema shetani ana wivu.

Mzee wa sono hakuwa mjinga wa namna hiyo. Ampli lake nalo lilitoka Amerika, limetumwa na shemeji yake, lakini kabla ya kuligusa aliligeuza, akasoma kibandiko cha nyuma, akapanda gari kwenda Bujumbura na kurudi na transfo: sanduku la chuma, zito kama jiwe la kusagia, linalopokea umeme wetu na kutoa wa kwao. Alichagua kubwa, lenye uwezo kuliko njaa ya ampli, ili lisichemke. Yote hayo aliyafanya sawasawa. Nataka ijulikane kwamba alijua kuyafanya sawasawa.

Plagi ya ampli ilikuwa na miguu mitatu. Matundu ya transfo yalikuwa mawili. Akachukua koleo akaukata mguu wa tatu.

Desturi ya kwaya yetu ni kuimba peku. Ilianzia kambini, ambako kanisa lilikuwa turubai na sakafu udongo uliofagiliwa, na mama zetu walisema mtu haingii na matope ya foleni ya chakula mbele za Mungu. Tuliporudi tulijenga kwa tofali na saruji, lakini viatu viliendelea kubaki mlangoni. Basi fikiria: sisi miguu wazi kwenye saruji iliyotoka kudekiwa, midomo yetu imegusa chuma cha mikro, na kule nyuma ampli ambalo njia yake ya kuteremshia umeme udongoni imekatwa kwa koleo. Umeme uliovuja kwenye bati la ampli ulitafuta njia nyingine. Ukapita kwenye waya, ukafika kwenye mikro, ukatukuta sisi.

Wa kwanza kuusikia alikuwa mama mmoja wa sauti ya pili. Alirudi nyuma akishika midomo, anacheka.

"Mzee, mikro yako iko inaniwasha!"

Nilikuwa karibu. Nilimwona mzee akifikiri kidogo, kidogo sana. Kisha akatabasamu kwa mwanya wake.

"Ni upako huo, mama. Usiogope."

Pasteri alikuwa amesimama pale. Alilisikia neno hilo, akalipenda, na Jumapili iliyofuata lilikuwa limefika madhabahuni. Kufikia msimu wa mvua, makanisa ya Muhuta yalikuwa yanamfuata mzee wa sono kwa ajili ya mikro ya upako. Watu waliokuwa na vyombo vyao waliviacha kabatini. Kwaya zilishindana nani atawashwa zaidi. Mimi pia niliwashwa. Ilikuwa kama sisimizi wenye limau wanaotembea juu ya mdomo, na nilipousikia nililia, nikamshukuru Mungu kwa kunikumbuka mimi, mtoto wa turubai. Machozi yale nilimpa Mungu, na aliyeyapokea alikuwa mtu mwenye koleo. Kwa hilo peke yake ningemchukia. Hilo peke yake lingekuwa deni dogo.

Yeye alivaa mabuti ya mpira. Mabuti marefu, meusi, ya wavuvi, chini ya suti ya kahawa. Tulimtania. "Mzee, unaenda harusini ao kuvuta nyavu?" Alijibu kwamba baba yake alikuwa mvuvi na kwamba anayemdharau baba yake hana mwisho mwema. Tukacheka, tukampenda zaidi. Alishika mikro zile kila siku akiwataja samaki wake, na midomo yake haikuwashwa hata mara moja, na hakuna mtu aliyemwuliza kwa nini yeye, mwenye upako wake, haupati.

Dada yangu anaitwa Konsolata. Sisi humwita Konso. Alikuwa msolo wa kwaya, mwimbaji wa mbele, sauti inayopanda bila kukunja uso, na alikuwa amechumbiwa na kijana wa familia ya watu wa mawese, watu wazuri, wenye mashine yao ya kukamulia karibu na ufuko. Siku ile palikuwa na ubatizo ziwani. Umeme ulivutwa kwa waya mrefu kutoka kwenye hiyo mashine. Mabafle yalisimamishwa mchangani, ampli na transfo juu ya meza, na Pasteri alikuwa ndani ya maji mpaka kifuani. Konso alikuwa amewasindikiza mabinti wanaobatizwa. Alitoka majini sketi inachuruzika, akakimbia kuchukua mikro kwa sababu wimbo ulikuwa wake.

Aliishika kwa mkono mzima. Hakuimba hata neno moja. Mwili wake ulinyooka, mkono ukafunga, kinywa kikabaki wazi bila sauti, kisha akaanguka na mikro ikiwa bado mkononi, na vidole havifunguki.

Watu wote tulimkimbilia Konso. Mtu mmoja tu alikimbia upande mwingine. Mzee wa sono, na mabuti yake, aliruka meza, akaikimbilia ile mashine ya mawese, akaung'oa waya ukutani. Hakupiga kelele, hakuuliza kuna nini. Alijua mahali pa kwenda kama mtu anavyojua njia ya chooni kwake. Mkono wa Konso ukafunguka. Akapumua.

Alimwokoa, ndiyo. Angechelewa kidogo, tungezika. Watu wameniambia hilo mara nyingi, kwa sauti ya mtu anayekufungia mjadala. Nami nawajibu: muulizeni alijuaje.

Kiganja cha Konso kilibaki na alama, kovu jeupe la mviringo, limevuta ngozi. Hilo lilipona. Lililofuata halikupona. Maana kama kuwashwa midomo ni Roho kukupenda, basi kuangushwa ni nini? Hakuna aliyehitaji kuambiwa jibu. Lilikuwa limekwisha kupandwa. Wiki haikuisha, wazee wa kanisa walimwita Konso, wakamwuliza anaficha dhambi gani. Akasema hana. Wakasema Roho hasemi uongo. Wakamwuliza kama ana mimba, kama amekwenda kwa waganga, kama uchumba wake ni safi. Wakamtoa kwenye kwaya, akae kiti cha nyuma mpaka atubu. Wale watu wa mawese walituma shangazi wawili, wenye heshima, wakanywa fanta yetu, wakasema kijana wao bado mdogo.

Mzee wa sono alikuwepo kwenye kikao cha wazee. Alikaa karibu na dirisha. Neno moja lingetosha, na ndiye pekee aliyekuwa nalo. Aliangalia kofia yake.

Jumapili iliyofuata palikuwa na kitu kipya kando ya ampli, nje ya ukuta: nondo iliyopigiliwa ardhini hadi karibu kuzama, na waya wa kijani umefungwa kwenye nondo hiyo, unaingia dirishani mpaka kwenye bati la ampli. Tulimwuliza. "Ni ya kuzuia mabafle yasingurume," alisema. Na siku hiyo alikuja na viatu vya ngozi. Mabuti sikuyaona tena.

Midomo iliacha kuwasha. Kwaya iliimba, ikasubiri, haikupata kitu. Pasteri alisimama akasema kwa huzuni kwamba upako umeondoka kati yetu, na kwamba sote tunajua umeondoka tangu lini na kwa sababu ya nani. Watu waligeuka kutazama kiti cha nyuma. Konso alikuwa amekaa pale, kiganja kimefunikwa kwa kitenge. Mzee wa sono aliongeza sauti ya kinanda.

Baada ya hapo dada yangu alihamia Gitaza. Anaanika ndagala kando ya barabara, anawauzia wasafiri wanaokwenda Bujumbura. Hajaimba tena, hata jikoni. Mzee wa sono alikuwa akipita huko na mzigo wake, husimama, hununua kwake tu, huchukua anachopewa, huondoka bila kuangalia mkono unaompa. Konso aliniambia hilo akicheka. Mimi sikucheka.

Mambo ya nondo na mguu wa tatu niliyaelewa mwaka uliofuata. Binamu yetu wa Amerika alinitumia mashine ya kusikilizia kaseti, maana kaseti za mama zilikuwa bado zipo, nami nikaenda Bujumbura, kwenye duka la mzee mmoja Mwislamu, wa zile familia za Kiarabu zilizokuwa sokoni tangu babu wa babu. Aliiweka mashine kifudifudi kama daktari.

"Binti yangu, soma hapa. Imeandikwa mia na ishirini. Ukiichomeka kwako inakufa leo leo. Chukua transfo hii. Na ile plagi ya kubadilisha umbo, niliyokuona nayo mkononi, inabadilisha umbo tu."

"Na kama ina mguu wa tatu?"

"Mguu wa tatu ni njia ya umeme uliopotea. Unaupeleka udongoni. Ukiukata, umeme uliopotea utamtafuta mtu." Akakung'uta mikono. "Kuna mzee wenu wa huko Rumonge, wa sono. Nilimwambia hayo hayo hapa hapa. Nikamwambia, nitakufungia tundu la tatu, subiri kesho. Akasema ana harusi. Nikamwambia basi vaa mpira miguuni mpaka urudi. Hakurudi."

Nililipa transfo, nikatoka.

Nilikwenda kwa Pasteri. Alinisikiliza vizuri, kisha akasema mambo ya umeme yana wenyewe, na kwamba mzee wa sono ametumika nyumbani mwa Bwana kwa uaminifu. Nilikwenda kwa mzee mwenyewe. Alikuwa anapangusa mabafle kwa kitambaa chenye mafuta ya mawese, ili mbao isipasuke.

"Mzee, ulijua."

Hakuacha kupangusa. "Mwanangu, nikisema, kanisa litafungwa midomo. Nani atakodi vyombo vilivyomwangusha mtu? Mtazikana kimya kimya?"

"Konso ameolewa na nani, mzee?"

"Mungu atampa."

"Mungu umemtumia sana. Mwache apumzike."

Hapo alisimamisha kitambaa. Nilidhani atanifukuza. Akasema, kwa ile sauti ya kutuliza, "Nitasema. Siku yake ikifika." Kisha akarudi kwenye mbao zake.

Sikuwa na subira, nilikuwa na chuki tu, na chuki ikikosa kazi hufanana na subira. Niliendelea kuimba. Nilimwamkia kila Jumapili. Nilimwombea maisha marefu, kwa moyo wote, maana nilihofia afe akiwa mzuri.

Mwaka huu macho yake yaliingia ukungu, akatangaza kwamba ataacha kazi na kulitolea kanisa sono yake yote. Kanisa likapanga sherehe ya kumshukuru. Akaja nyumbani kwangu, fimbo mkononi, akaketi kwenye kiti nilichompa, akasifu chai.

"Wewe unajua kupanga maneno. Nataka wewe ndiye uniseme siku hiyo."

"Mimi?"

"Mtu akifika umri wangu huchagua wa kumsema. Mama yako nilimzika."

"Ulimzika, mzee. Sijasahau." Nikamwongezea sukari. "Na ile siku yake uliyoniambia, imefika?"

Alikoroga chai. "Yale yamekwisha kulala, mwanangu. Aliyelala usimwamshe."

"Nitasema yote ninayoyajua juu yako."

"Murakoze," akanishukuru, akanipa mkono. Mkono mkavu, wenye joto.

Nikapanda gari kwenda Gitaza. Konso alikuwa anageuza ndagala kwa fagio.

"Njoo Jumapili," nikamwambia.

"Nije kumupigia makofi?"

"Njoo ukae nyuma."

"Nyuma ndiko kwangu, hawajampa mwingine." Akaendelea kufagia. Lakini Jumapili alikuwepo, amesimama mlangoni na wale waliokosa viti, kitenge chake kinanuka samaki, watu wamemwachia nafasi pembeni kama mtu mwenye ukoma.

Mzee wa sono alikataa kukaa kiti cha heshima. "Vyombo bado ni vyangu mpaka ibada iishe," alisema, akaketi nyuma ya meza yake, vidole kwenye vitufe, macho yake ya ukungu yanatazama dari. Nikapewa mikro.

Nilianza na samaki. Niliwataja wote watatu, na kanisa zima likajibu, "Na bugali!" Nikasema habari ya mvua na mwavuli, na mazishi ya maskini. Akina mama walifuta macho. Yeye aliinamisha kichwa, anapokea. Kisha nikasema: ampli hili liliundwa kwa umeme wa Amerika. Nikaeleza transfo. Nikasema, plagi yake ilikuwa na mguu wa tatu, wa kuwalinda waimbaji, na mzee wetu —

Sauti yangu ikafa. Niliona kidole chake kikishuka, taratibu, kwa ustadi ule ule. Mikro ikawa kipande cha chuma.

Niliiweka chini, nikaendelea kwa koo langu. Koo langu ni dogo. Safu za mbele zilinisikia, zikakauka. Huko nyuma watu walianza kupiga kelele: "Sauti! Hatusikie! Mzee, ongeza!"

Mzee hakuongeza.

Ndipo sauti ilipotoka mlangoni, ile iliyokuwa haikunji uso, pana, imefika hadi kwenye mabati.

"Anasema alikata muguu wa tatu na koleo!"

Watu wote waligeuka. Konso hakuwatazama. Alinitazama mimi, akasubiri. Nikasema sentensi ya pili. Akaichukua.

"Anasema kuwashwa midomo haikuwa upako! Ilikuwa kura!"

Kura ni umeme, huku kwetu. Hata watoto wa dirishani walielewa. Nikasema ya mabuti. Akaisema. Nikasema ya nondo, na ya siku upako ulipoondoka. Akaisema. Simu zilikuwa zimeinuliwa kila upande. Pasteri alisimama, akaketi, akasimama tena. Nikasema: alikaa katika kikao cha wazee, akanyamaza, na Konsolata hakuwa na dhambi.

Niliona kifua cha Konso kikipanda.

"Anasema," akaita, "mimi sikuwa na dhambi."

Transfo lilisikika likinguruma chini ya meza. Pasteri aligeuka polepole kumtazama mzee wa sono.

"Mzee," akasema, "ni kweli?"

Mzee wa sono alisimama. Alichukua muda kuipata fimbo. Midomo yake ilisogea, na waliokuwa karibu naye wakasikia, "Ni kweli," wakashika vichwa.

"Sema kwa nguvu, mzee," Konso akamwambia kutoka mlangoni. "Nyuma hatusikie."